Maswali na Majibu: Hatua ya Pili ya Kuingia kwenye Rekodi za Wagonjwa

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Bungoma, Kakamega na Busia, na karibu zote zinahusu jambo moja: ile nambari ya tarakimu sita ambayo vituo vya afya vimeanza kuidai baada ya nenosiri, kabla mhudumu hajafunguliwa faili la mgonjwa. Majina ya waandishi na ya vituo tumeyaacha nje. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Hamjambo wahariri. Mimi ni karani wa rekodi katika kituo cha afya mjini Kisumu. Tumeambiwa kila mtu aweke programu ya nambari kwenye simu yake. Nenosiri langu ni refu na sijawahi kumpa mtu. Hiyo nambari inaongeza nini? Na bando nitanunuliwa na nani?

Bando halihitajiki, tuanzie hapo. Programu hizi, iwe ni Google Authenticator, Microsoft Authenticator, Aegis au FreeOTP, haziletewi nambari kutoka popote. Siku unapojiandikisha, seva, yaani kompyuta kuu inayotunza rekodi, huunda siri ndefu na kuionyesha kwenye skrini kwa mchoro wa miraba myeusi na myeupe, ule msimbo wa QR. Simu ikishauskani, inabaki na siri ileile iliyo kwenye seva. Tangu hapo kila upande unapiga hesabu peke yake: unachukua sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, unazigawanya kwa 30, unachanganya jibu na ile siri, kisha unatoa tarakimu sita. Siri ni moja, saa ni moja, kwa hiyo majibu yanalingana. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 2011 kwa jina RFC 6238, na ndiyo sababu programu ya kampuni moja inaelewana na seva ya kampuni nyingine. Hata ukitoa laini kwenye simu, nambari zitaendelea kubadilika kila nusu dakika.

Urefu wa nenosiri lako unamzuia mtu asilikisie. Haumzuii aliyesimama kwenye dirisha la mapokezi akitazama vidole vyako. Hauizuii programu iliyojificha kwenye kompyuta ikinakili kila kibonye unachobonyeza. Na kama nenosiri hilohilo unalitumia kwenye barua pepe yako, likiibwa kule litajaribiwa huku. Hatua ya pili inamlazimisha mwizi awe pia na kitu kilicho mfukoni mwako, tena kwa wakati uleule.

Fikiria ni faili gani unazozilinda. Kliniki ya CCC, ile ya kuwahudumia wanaoishi na VVU, ina orodha ya wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, pamoja na majina, vijiji na nambari zao za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na tangu mwaka 2006 Kenya ina sheria ya VVU na UKIMWI inayolinda usiri wa matokeo ya mgonjwa. Nenosiri likiibwa utaliweka jingine. Hali ya mtu ikishazungumzwa sokoni Kibuye, hakuna cha kumrudishia.

Jambo moja la kuzingatia siku ya kujiandikisha: usiupige picha ule msimbo wa QR, na usimtumie mtu kwenye WhatsApp ili "akusaidie kuweka". Mchoro ule ndio siri yenyewe. Yeyote mwenye picha yake atazalisha nambari zako, sawa kabisa na zako, mpaka siku siri hiyo itakapofutwa kwenye seva.

Mimi ni muuguzi msimamizi, kaunti ya Nakuru. Seva yetu iko hapahapa kwenye chumba cha rekodi na haina intaneti. Stima ilipotea usiku kucha, asubuhi nambari za kila mtu zikakataliwa. Fundi aliona saa ya seva imerudi nyuma miaka kadhaa, akairekebisha ikalingana na ya ukutani. Bado nambari zinakataliwa. Tatizo liko wapi?

Zikikataliwa za watu wote kwa pamoja, kosa liko kwenye seva. Angekuwa mtu mmoja, tungeanza na simu yake.

Inaonekana mna makosa mawili, moja limezaa jingine. La kwanza ni betri. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, mara nyingi CR2032: milimita 20 kwa upana na milimita 3.2 kwa unene, volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati stima haipo. Ikiisha, kila stima ikipotea saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Zimeni seva kwa utaratibu, chomoeni waya ukutani, sukumeni kile kishikizo kidogo cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Ya kuweka ikae upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kama mna mita, pimeni ile ya zamani. Ikisoma chini ya volti 2.7 imekwisha.

La pili ndilo linalowasumbua sasa. Saa inaweza kuonyesha saa nne kamili asubuhi, sawa na ya ukutani, na bado ikawa imekosea kwa saa tatu. Hesabu ya nambari haitumii saa ya Nairobi, inatumia saa ya dunia (UTC), na Kenya iko saa tatu mbele yake. Seva ikiwa imewekwa kwenye eneo la saa la dunia, kisha fundi akaandika 10:00 ili ifanane na ya ukutani, seva inaamini kwamba Nairobi ni saa saba mchana. Saa tatu ni sekunde 10,800. Gawanya kwa 30: seva iko hatua 360 mbele ya simu zenu. Seva nyingi huvumilia hatua moja tu nyuma na moja mbele.

Kwenye seva inayoendeshwa kwa mfumo wa Ubuntu, fundi aandike `timedatectl` asome mstari wa eneo la saa. Kama hausemi Africa/Nairobi, aandike:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`

Kisha aweke saa upya. Amri ya kuweka saa kwa mkono itakataa ikiwa seva imeagizwa kujirekebisha kwa mtandao, hata kama mtandao wenyewe haupo, kwa hiyo aanze na `sudo timedatectl set-ntp false`. Baada ya hapo aandike `sudo timedatectl set-time`, na mbele yake, ndani ya alama za mtajo, mwaka-mwezi-tarehe, nafasi moja, halafu saa:dakika:sekunde. Sekunde asizikisie. Achukue simu iliyowekwa saa ya kujirekebisha yenyewe, aandike amri yote ikiwa na dakika inayofuata na sekunde 00, abonyeze mara tu simu inapofika hapo. Mwisho azime na kuwasha programu ya rekodi. Nyingi, OpenMRS na KenyaEMR zikiwemo, zinaendeshwa kwa Java, nayo husoma eneo la saa mara moja tu inapoanza. Msipoiwasha upya, nambari zitakubaliwa ila muda unaoandikwa kwenye ziara za wagonjwa utakuwa na kosa.

Seva isiyoona intaneti haiwezi kujisahihisha. Saa ya ubao hukosea sekunde moja au mbili kwa siku, na mwezi ukiisha inakaribia dakika nzima. Mpeni mtu mmoja jukumu la kuilinganisha kila Jumatatu asubuhi na kutia sahihi kwenye daftari.

Kwa simu ya mtu mmoja, tiba ni rahisi: aingie kwenye mipangilio ya tarehe na saa, aruhusu mtandao uweke saa. Wenzetu wa Busia wasiwe na hofu simu ikinasa mtandao wa Uganda, kwa sababu nchi hizi mbili zina saa moja.

Nina kliniki ndogo Bungoma, wahudumu tisa. Tunatumia akaunti moja ya mapokezi, moja ya maabara na moja ya famasia. Nimenunua simu moja ya kliniki, nimeweka nambari zote humo, inakaa mezani mapokezi ili kila mtu aisome. Je, nimefanya sawa?

Hapana, na tunakuambia bila kuzungusha kwa sababu umetumia pesa ukidhani umefunga mlango. Simu iliyo mezani wazi haikutofautishi wewe na mgeni aliyeketi kwenye benchi. Nenosiri linajulikana na watu tisa, nambari inasomwa na yeyote anayepita. Hapo hatua ni moja, ila imekuwa ndefu.

Anza na akaunti, simu baadaye. Tisa ni wachache. Ni kazi ya alasiri moja. Mfungulie kila mmoja akaunti kwa jina lake, umpe nafasi ya kazi yake tu: wa mapokezi aandikishe na kupanga foleni, wa maabara aone maombi na aandike majibu, wa famasia aone maagizo ya dawa. Kisha zima zile akaunti tatu za zamani. Usizifute, kwa maana rekodi za nyuma zimeandikwa kwa majina yao, na ukizifuta unaweza kupoteza habari ya nani aliandika nini. Baada ya hapo kila mtu aandikishe nambari kwenye simu yake mwenyewe, na simu hiyo iwe na kifungo cha skrini.

Tunajua kwa nini watu hushirikiana akaunti. Foleni ni ndefu, kutoka na kuingia tena kunakula muda, na nesi anayebadilishana kiti na mwenzake mara kumi kwa saa atachoka na nambari. Kwa hiyo usidai nambari kila mara. Programu nyingi zinaruhusu kompyuta kukumbukwa kwa muda fulani. Kwa kompyuta ya ndani ya chumba kinachofungwa, tunaona muda wa zamu moja, saa 8 hadi 12, unafaa. Siku 30, ambazo mara nyingi ndizo huwekwa kwanza, ni nyingi mno kwa kompyuta ya mapokezi. Skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika 5, na kuifungua kudai nenosiri tu.

Na anayeacha kazi, au mwanafunzi anayemaliza mazoezi yake, akaunti yake izimwe siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Baadhi ya wauguzi wetu hapa Kakamega wana kabambe. Je, nambari inaweza kuja kwa ujumbe mfupi? Tumesikia SMS si salama.

Inaweza, na ni bora mara nyingi kuliko nenosiri peke yake. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba nambari inaifuata laini, haiifuati simu. Tapeli akifanikiwa kumshawishi wakala ampe laini mpya yenye nambari ya muuguzi, ujumbe unaingia kwake. Dalili ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao. Walio kwenye Safaricom wapige *100*100# kuizuia laini isibadilishwe na mawakala. Kuanzia hapo ni mpaka mwenye laini afike mwenyewe kwenye duka la kampuni na kitambulisho. Waweke pia PIN kwenye laini yenyewe. Ukikosea PIN mara tatu itadaiwa PUK, nambari ya tarakimu nane ya kuifungua laini, kwa hiyo PUK iandikwe mahali kabla ya kuanza.

SMS ina shida nyingine ya kila siku: inachelewa. Mtu anaona haijaingia, anaomba nyingine, halafu nyingine tena. Kwenye programu nyingi kila ombi jipya linaua nambari iliyotangulia, na ujumbe unaweza kuingia bila mpangilio, kwa hiyo anaandika nambari iliyokwisha kufa. Ombeni mara moja, subirini dakika mbili kamili.

Seva isiyo na intaneti haiwezi kutuma SMS bila modemu yenye laini na salio. Hapo tunapendekeza kile kifaa kidogo chenye kioo, ukubwa wa kishikio cha funguo, kinachoonyesha tarakimu sita kikibonyezwa. Kinatumia hesabu ileile ya programu za simu na betri yake hudumu miaka. Kasoro: saa yake nayo husogea pole pole, na baada ya mwaka mmoja au miwili kinaweza kuhitaji kulinganishwa tena na seva. Nunueni aina ambayo saa yake inaweza kuwekwa upya.

Ninahudumia kompyuta za hospitali ya binafsi Kisumu. Tulinunua funguo za usalama za USB kwa madaktari. Kwenye barua pepe zinafanya kazi vizuri, lakini kwenye programu ya rekodi, ambayo tunaifungua kwa http://192.168.1.10:8080, kivinjari kinakataa hata kuuliza ufunguo. Je, ni funguo mbovu?

Funguo ni nzima. Kinachokataa ni ile anwani, na kukataa huko ndiko kunakozipa funguo hizi nguvu yake.

Ufunguo wa USB hutumia utaratibu uitwao WebAuthn, ulioidhinishwa mwaka 2019. Unapouandikisha, unajifunga na jina la tovuti. Siku daktari akihadaiwa akafungua ukurasa wa uongo unaofanana na wenu kwa kila kitu isipokuwa herufi moja ya jina, ufunguo hautajibu, hata daktari mwenyewe akiugusa mara mia. Nambari ya tarakimu sita haina kinga hiyo, kwa sababu mtu anaweza kuisoma na kuiandika popote. Lakini kwa kuwa ufunguo unategemea jina, kivinjari kinadai mambo mawili: anwani iwe na jina la kikoa, isiwe tarakimu tupu, na muunganisho uwe wa https, yaani uliofichwa, wenye cheti cha utambulisho wa tovuti ambacho kivinjari kinakiamini. Anwani yenu haina hata moja.

Njia ya kurekebisha: sajilini jina la kikoa la hospitali kama hamna, mfanye tawi lake la ndani kwa ajili ya rekodi, na kwenye rauta au seva yenu ya majina mlielekeze kwa 192.168.1.10. Kisha pateni cheti. Shirika la Let's Encrypt hutoa cheti bure hata kwa seva isiyoonekana kutoka nje, mradi muweze kuandika rekodi ya uthibitisho kwenye jina hilo; cheti hudumu siku 90, kwa hiyo panga kujihuisha kwake tangu siku ya kwanza. Mbele ya programu wekeni Nginx, programu ya kupokea maombi ya vivinjari na kuyapitisha, ishike https kwenye mlango wa 443 na kuipelekea 8080 kwa ndani, na 8080 yenyewe ifungwe kwa kompyuta nyingine zote.

Hata kama funguo zingekuwa hazijanunuliwa bado, tungekushauri hivyohivyo. Kwa http tupu, nenosiri na nambari vinapita kwenye nyaya na Wi-Fi bila kufichwa, na mgonjwa mwenye simu janja kwenye chumba cha kungojea yuko kwenye Wi-Fi hiyohiyo ikiwa hamjaitenganisha.

Kila daktari aandikishe funguo mbili. Mmoja anatembea nao, wa pili unakaa kabatini.

Programu yetu ya rekodi, Busia, haina sehemu yoyote ya kuweka hatua ya pili. Mimi huingia kwenye seva nikiwa nyumbani kurekebisha mambo. Nifanye nini?

Kwanza ulizeni wanaoitunza programu kama toleo jipya linayo. Kama halina, wekeni hatua ya pili kwenye milango inayoizunguka, na ule wako wa nyumbani ndio wa kwanza.

Mnamo Februari 2024 wahalifu waliingia kwenye kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, inayopitisha madai ya bima na maagizo ya dawa ya sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mkuu wa kampuni mama aliliambia bunge lao Mei mwaka huo kwamba waliingia kwa nenosiri la kuibwa, kupitia lango la kuingilia kutoka mbali ambalo halikuwa na hatua ya pili. Maduka ya dawa yalikwama, hospitali zikakosa malipo kwa wiki nyingi, na kampuni ikawalipa wahalifu hao dola milioni 22. Lango moja lilitosha.

Kama unaingia kwa SSH, njia ya kuendesha seva kutoka mbali kwa amri za maandishi, kwenye Ubuntu, sakinisha kifurushi `libpam-google-authenticator`, kisha ukiwa kwenye akaunti yako mwenyewe andika `google-authenticator`. Itakuonyesha msimbo wa QR na nambari tano za dharura. Ziandike kwenye karatasi. Ongeza mstari `auth required pam_google_authenticator.so` kwenye faili `/etc/pam.d/sshd`, na kwenye `/etc/ssh/sshd_config` weka `KbdInteractiveAuthentication yes`. Wengi hukosea sehemu moja: ikiwa unaingia kwa ufunguo wa SSH badala ya nenosiri, seva itakuruhusu bila kudai nambari, mpaka uongeze `AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive`. Anzisha huduma ya SSH upya, lakini usifunge dirisha ulilo nalo. Fungua la pili, jaribu kuingia. Likikataa, bado uko ndani kupitia la kwanza na unaweza kurekebisha. Ukilifunga kwa haraka, utapanda matatu hadi kituoni.

Ukitumia AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, zote mbili zina hatua ya pili kwenye mipangilio ya usalama. Iwashe. Barua pepe ya msimamizi nayo isisahaulike, kwa sababu mwenye barua pepe hiyo anaweza kuomba nenosiri jipya la karibu kila kitu.

Simu yangu ilianguka, nikaiacha kwa fundi mjini Molo pamoja na mchoro wa kuifungua. Aliirudisha ikiwa imefutwa kila kitu. Sasa siwezi kuingia kazini. Msimamizi amesema atazima hatua ya pili kwa akaunti yangu "mpaka mambo yatulie". Ni sawa?

Pole, muuguzi. Usikubali azime na kuacha hivyo. Mambo hayatatulia yenyewe, na akaunti iliyofunguliwa kwa muda hubaki wazi miezi. Afute siri yako ya zamani, akuonyeshe msimbo mpya wa QR papo hapo, uuskani, uingie mara moja mbele yake. Ni dakika tano.

Ubadilishe na nenosiri pia. Simu yako ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine ikiwa wazi, na siri zako zilikuwa humo kabla ya kufutwa. Hatusemi fundi ni mwizi. Tunasema hakuna anayeweza kujua. Siku nyingine, kabla ya kumwachia fundi simu, omba siri yako ifutwe kwanza kwenye seva.

Siku ya kujiandikisha programu nyingi hutoa nambari za akiba, mara nyingi 8 au 10, kila moja ya kutumika mara moja. Zichapishe, zifungie mahali ambapo simu haikai. Ukiwa na Google Authenticator, tangu Aprili 2023 inaweza kuhifadhi siri kwenye akaunti yako ya Google. Hiyo inakuokoa simu ikipotea, ila basi akaunti hiyo ya Google lazima nayo iwe na ulinzi imara. Aegis inakuruhusu kutoa nakala iliyofungwa kwa nenosiri.

Sasa neno kwa wasimamizi, kwa kuwa hapa ndipo tunapoona vituo vikijidanganya. Mwizi mwenye akili hapambani na zile tarakimu sita. Anapiga simu: "Mimi ni daktari fulani wa zamu, simu yangu imepotea, niko na mgonjwa hali mbaya, nifungulie haraka." Utaratibu wenu wa kurudisha akaunti ukiwa dhaifu, yote mliyoweka mbele yake ni bure. Kwa hiyo: asirudishiwe mtu kwa simu wala WhatsApp. Aje mwenyewe na kitambulisho cha kazi, au msimamizi ampigie kwenye nambari iliyo kwenye daftari la wafanyakazi, si ile aliyopiga nayo, na mkuu wa idara athibitishe. Iandikwe tarehe, saa, nani aliomba, nani alitenda. Wasimamizi wawe wawili au zaidi, maana akiwa mmoja naye akapoteza simu yake, kituo kizima kinakwama.

Nilipigiwa simu na mtu aliyejua jina langu na kituo changu. Alisema tunahamishwa kwenye mfumo mpya, nimsomee nambari iliyoko kwenye simu. Nilimsomea. Nifanye nini?

Wahi. Mwambie msimamizi sasa hivi afunge vikao vyako vyote vilivyo wazi, abadilishe nenosiri na siri ya nambari. Kubadilisha nenosiri pekee hakumtoi mtu aliye ndani tayari. Kisha mfungue orodha ya walioingia: saa ngapi, kutoka kompyuta ipi, faili zipi zilifunguliwa au kuchapishwa.

Usinyamaze kwa kuona haya. Kituo kina saa 72, tangu kijue, za kumjulisha Kamishna wa Data ikiwa data za wagonjwa zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao. Mwenye programu anayewahifadhia data kwa niaba yenu ana saa 48 za kuwaambia ninyi. Wagonjwa wenyewe wanastahili kuelezwa kwa maandishi. Karani anayesema saa hiyohiyo anawapa wenzake siku tatu nzima; anayenyamaza anaweza kuwaachia saa chache.

Kama programu yenu hutuma arifa ya "ndiyo au hapana" badala ya nambari, arifa inayokuja hukuiomba maana yake mtu ana nenosiri lako tayari. Bonyeza hapana, na ulibadilishe, hata zikija ishirini usiku uchoke.

Saa tisa usiku, mgonjwa amepoteza fahamu, simu ya muuguzi imezima. Nambari haipatikani. Tumwache tukitafuta chaja? — Tabibu, Nakuru

La hasha. Mgonjwa ahudumiwe na fomu ya karatasi ijazwe. Fomu tupu ziwe kwenye droo ya wodi daima, na data iingizwe baadaye. Ikiwa ni lazima mjue mzio wake au dawa anazotumia, muwe na akaunti ya dharura iliyoandaliwa mapema. Iwe na ruhusa ya kusoma tu, bila kuhariri, kuchapisha wala kutoa orodha. Nenosiri lake na nambari zake za akiba ziwe ndani ya bahasha iliyobandikwa, sahihi mbili zikipita juu ya ukingo wake, kwenye kabati la kufuli mbili kama lile la dawa zinazodhibitiwa. Anayefungua aandike jina lake, saa, na nambari ya mgonjwa kwenye bahasha yenyewe.

Asubuhi, msimamizi alinganishe maandishi hayo na orodha ya mafaili yaliyofunguliwa usiku. Mgonjwa mmoja, faili moja. Kisha nenosiri libadilishwe, nambari mpya za akiba zichapishwe, na bahasha mpya itiwe sahihi na wawili kabla zamu ya mchana haijapokea wodi.